Rufaa ya afya ya uzazi kutoka Mtwara na Lindi: mkoa, kanda, misheni au Dar?

Daktari wa wilaya akishasema tatizo lako la uzazi linahitaji bingwa, mjadala wa nyumbani huanza hapo hapo. Mjomba anasema Muhimbili. Shemeji anasema hospitali ya misheni ya Ndanda ndiko watu wanakopona. Jirani anasema siku hizi hospitali ya kanda ya Mitengo ipo, ya nini kuhangaika na basi la Dar. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa ugonjwa tofauti.

Swali la kuanza nalo ni hili: huko ninakotumwa nakwenda kupata nini ambacho hapa hakipo? Kama ni ultrasaundi nzuri na bingwa wa magonjwa ya wanawake wa kuisoma, hospitali ya mkoa inatosha. Kama ni mionzi ya saratani, hata upite Ndanda, Ligula na Mitengo zote, safari itaishia Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar, na kila wiki unayopoteza njiani inaukuza ugonjwa. Ukubwa wa jengo haujibu swali hilo. Muulize aliyekuandikia rufaa, akutajie kipimo au tiba kwa jina.

Dharura haimo katika ulinganisho huu. Mjamzito anayetoka damu au kupata degedege, mwanamke aliyekosa hedhi kisha akashikwa na maumivu makali ya tumbo na kizunguzungu, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja: hapo huchagui, unakwenda hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto mchanga, piga 115. Simu ni bure, na mfumo wa m-mama hutafuta gari la wagonjwa, au likikosekana dereva wa kijamii aliyesajiliwa.

Njia nne zikiwekwa pamoja

| | Rufaa ya mkoa | Kanda ya Kusini | Misheni | Dar es Salaam |
|---|---|---|---|---|
| Ni ipi | Ligula (Mtwara mjini), Sokoine (Lindi mjini) | Mitengo, Mtwara | Ndanda (Masasi), Nyangao (Lindi) | Muhimbili, Ocean Road, CCBRT |
| Inafaa kwa | uchunguzi wa kwanza wa bingwa, fibroidi (uvimbe wa kizazi) za kawaida, kukata kinyama cha kupimwa maabara, busha | upasuaji mgumu, tumbo lililokwisha kupasuliwa, tatizo ambalo mkoa umeshindwa kulimaliza | wanaotoka Masasi, Newala, Nachingwea na Ruangwa, hasa wanaohitaji upasuaji | mionzi, fistula (tundu linalovujisha mkojo baada ya uzazi), upandikizaji wa mimba |
| Haifai kwa | mionzi | uchunguzi wa mwanzo ambao wilaya inauweza | anayetegemea bima ambayo hajaiulizia | ultrasaundi na vipimo vya damu vya kawaida |
| Hukwamisha | foleni, siku za kliniki kuwa chache | kufika bila fomu ya ngazi ya chini | gharama ya mfukoni | makazi, nauli, kufika bila majibu |

Jedwali linaficha jambo moja, nalo ni jiografia. Mipaka ya mikoa haifuati barabara. Mtu wa Ruangwa akishuka hadi Nanganga, upande mmoja barabara inakwenda Nyangao na Lindi, upande mwingine Ndanda na Masasi, na Ndanda ni jirani kuliko Sokoine. Wa Nachingwea vivyo hivyo. Ila Ndanda iko mkoa wa Mtwara, na Ruangwa na Nachingwea ziko Lindi, kwa hiyo kabla ya kupanda gari uliza dirisha la bima kama kadi yako inapokelewa nje ya mkoa wako. Mtu wa Kilwa naye yuko kati ya Lindi na Dar, na kwa ugonjwa ambao hakika utamalizikia Dar, kumrudisha kwanza kusini hadi Mtwara ni kumzungusha. Mwenye Lindi mjini ana Sokoine mlangoni na Mitengo kama kilomita 110 kutoka hapo, safari ya kwenda na kurudi siku moja. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na barabara ya pwani imewahi kukatika kwa mafuriko, kama ilivyotokea Somanga Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya. Wakati wa masika usipange kufika Dar usiku wa kuamkia siku ya kliniki. Jipe siku ya akiba.

Kuhusu Mitengo, watu wengi bado wanaifikiria kama kliniki ya mjini iliyo karibu. Ni hospitali ya rufaa ya kanda, iliyozinduliwa rasmi Septemba 2023, na kazi yake ni kupokea kilichoshindikana mkoani ili wagonjwa wa Kusini wasilazimike kwenda Dar kwa kila kitu. Ukiingia pale moja kwa moja na tatizo ambalo halijapimwa popote, utaanza vipimo vya mwanzo kwa bei na foleni ya ngazi ya juu.

Karatasi yenyewe

Rufaa nyingi hukwama kwa sababu ya maandishi, kabla hata bingwa hajakutana na ugonjwa. Linganisha hizi mbili.

Ya kwanza: "Mama miaka 34, damu ukeni. Kwa uchunguzi na matibabu zaidi."

Ya pili: "Mama miaka 34. Mimba 3, watoto hai 2, mimba 1 iliharibika. Hedhi ya mwisho ilianza tarehe 4. Damu nyingi miezi 7, siku 9 hadi 10 kila mwezi, pedi 6 kwa siku, mabonge. Kizazi kinapapaswa ukubwa wa mimba ya wiki 16. Kipimo cha mimba hasi. Wingi wa damu 7.2. Ultrasaundi: uvimbe sm 7 kwa 6, ukuta wa mbele. Vidonge vya kuongeza damu wiki 3. Anataka kizazi kibaki. Ombi: kuondoa uvimbe, na kuongezewa damu kabla."

Mwenye karatasi ya kwanza atarudishwa maabara, kisha ultrasaundi, kisha ataambiwa aje siku ya kliniki ijayo. Mwenye ya pili anaweza kupangiwa tarehe ya upasuaji siku anayofika, kwa sababu anayempokea anajua tayari la kufanya. Tofauti yake ni dakika kumi za mwandishi na swali lako moja kabla hujatoka chumbani: "Daktari, umeandika ombi gani?" Hata kama ameandika kwa Kiingereza, mwombe akusomee kwa Kiswahili. Ni haki yako.

Hakikisha karatasi ina mambo haya: majina yako kama yalivyo kwenye kadi ya bima na namba ya NIDA, umri, siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, idadi ya mimba na watoto, majibu yote yenye tarehe, dawa ulizotumia na kwa muda gani, aleji, jina na saini ya aliyeandika, muhuri wa kituo na namba ya simu. Suala la majina lisichukuliwe juu juu. Huku kwetu mtu ana jina la utotoni, la unyagoni na la shuleni, na kadi ya kliniki ya wajawazito huandikwa lile alilolitaja siku hiyo. Somoe kwenye kadi moja na Asha kwenye nyingine ni watu wawili mbele ya dirisha la bima.

Kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, beba kadi ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo) na dawa za siku zote za safari pamoja na wiki mbili za ziada. Kuandikwa kwa hali hiyo kwenye fomu kunabadilisha tiba, hasa kwa shingo ya kizazi, kwa hiyo kuificha kunamuumiza mgonjwa mwenyewe.

Piga picha kila karatasi kwa simu. Filamu za eksirei zibebwe bapa, zisikunjwe. Chupa ya kinyama, ukiaminiwa kuisafirisha mwenyewe, iwe imefungwa vizuri, jina limeandikwa kwenye chupa yenyewe na si kwenye kifuniko tu, na kinyama kiwe kimezama ndani ya dawa ya formalini. Kinyama kilichokauka, au kilichowekwa kwenye maji ya chumvi kwa siku kadhaa, hakisomeki, na mgonjwa atakatwa tena.

Kutopata mtoto

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu huruka ngazi wakidhani Dar wana dawa ambayo Kusini haipo. Sehemu kubwa ya uchunguzi inafanyika mkoani. Anza baada ya mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi sita kama mwanamke ana miaka 35 na kuendelea. Kama hedhi haiji kabisa, au mwanaume aliwahi kufanyiwa upasuaji wa korodani, usisubiri.

Mwanaume apimwe kwanza. Tunalisisitiza hili kwa sababu bado wanawake wanapewa rufaa mbili tatu, wanapigwa picha na kuchomwa sindano, na mume hajatoa hata sampuli moja. Kipimo cha mbegu ni cha bei nafuu, hakiumizi na kinaweza kufanyika Ligula au Sokoine. Masharti yake: asitoe shahawa kwa siku 2 hadi 7 kabla, sio pungufu wala zaidi. Atoe kwa mkono, bila sabuni, mafuta wala mate, na asitumie kondomu ya kawaida kwa sababu mafuta yake yanaua mbegu. Shahawa zote ziingie kwenye chupa. Tone la kwanza likimwagika aseme, maana ndilo lenye mbegu nyingi. Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imebanwa karibu na mwili. Anayeishi Mikindani anaweza kuitolea nyumbani na kuwahi. Anayetoka Nanyamba aitolee hospitali. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, mipaka ya chini ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Jibu moja baya halitoshi kumhukumu mtu. Kipimo hurudiwa, na baada ya homa kali kama malaria hungojewa miezi mitatu hivi, kwani mbegu huchukua muda huo kutengenezwa upya.

Kwa mwanamke, kosa kubwa ni tarehe. HSG, yaani picha ya eksirei ya mirija, hufanyika kati ya siku ya 7 na ya 10 tangu hedhi ianze, damu ikiwa imekata na kabla yai halijatoka, na wanandoa wasikutane tangu hedhi hiyo ianze. Mama wa Liwale au Tandahimba aliyepangiwa "Jumatatu ijayo" bila mtu kumuuliza hedhi yake atafika siku ya 16, na ataambiwa arudi mwezi ujao. Hatua sahihi ni hii: siku damu inapoanza kutoka sawasawa, ihesabu kuwa siku ya 1, piga simu hospitali siku hiyo hiyo, omba nafasi ya siku ya 7 hadi ya 10, ndipo ukate tiketi. Kidonge cha maumivu kama ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla kinasaidia, kama huna vidonda vya tumbo. Mwenye uchafu unaonuka au maumivu ya nyonga atibiwe kwanza, kwa sababu dawa ya picha inaweza kusukuma maambukizi hadi ndani.

Vipimo vya homoni navyo vina siku zake. FSH na LH ni siku ya 2 au ya 3. Projesteroni ni siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa: siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28, siku ya 28 kwa mwenye mzunguko wa siku 35. Ukipima zote siku moja, kwa sababu uko mjini na nauli imeshalipwa, mojawapo itakuwa takataka.

Jambo la Kusini hasa: kichocho. Kichocho cha mkojo kipo katika mikoa hii miwili, na mayai yake hukaa pia kwenye shingo ya kizazi na mirija. Mwanamke aliyekulia karibu na ziwa, bwawa au mto anaweza kuwa na uchafu, damu baada ya tendo la ndoa na ugumu wa kupata mimba, akatibiwa magonjwa ya zinaa miaka mingi bila nafuu. Kabla ya rufaa apime mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi. Mkojo usipoonyesha mayai, bado kichocho cha ukeni kinawezekana, na anayemchunguza atafute mabaka ya njano yenye chembechembe kama mchanga. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600 baada ya kula. Hili linafanyika zahanati au kituo cha afya. Kumpeleka mtu Dar kabla ya kuliondoa ni kumwonea.

Ni lini basi Dar? Mirija yote ikiwa imeziba, mbegu zikiwa hazionekani kabisa kwa vipimo viwili, au umri umesogea na vipimo vya mkoa vimekamilika. Hapo ndipo mazungumzo ya upandikizaji wa mimba yanapoanza, na yanahusu mamilioni ya shilingi yanayotoka mfukoni. Nenda na majibu yote. Kliniki nyingi hukubali vipimo vya karibuni na utaokoa pesa nyingi.

Damu nyingi na fibroidi

Mkoa kwanza, karibu kila mara. Bingwa wa Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao anaweza kuondoa uvimbe au kizazi. Sababu za kupanda kanda ni kizazi kilichofikia kitovuni au kupita, tumbo lililopasuliwa mara mbili na zaidi, uvimbe uliobana mirija ya mkojo, au mwanamke anayetaka kizazi kibaki wakati uvimbe ni mwingi.

Kinachoahirisha upasuaji zaidi ya yote ni upungufu wa damu. Anayefika na damu 6 hapasuliwi kesho, awe Mitengo au Muhimbili. Kwa hiyo siku unayoandikiwa rufaa anza vidonge vya kuongeza damu, ambavyo kwa kawaida hupandisha kiwango kwa gramu 1 hadi 2 kila baada ya wiki tatu au nne. Usivinywe na chai, kwani chai huzuia mwili usivichukue. Maji ya chungwa au ya ukwaju yanafaa. Dawa ya minyoo na kipimo cha malaria viende sambamba. Na nenda na ndugu wawili walio tayari kuchangia damu. Hapo Ndanda au Ligula ndugu anafika kwa Kosta asubuhi. Dar utamtoa wapi? Hii ni sababu nzito ya kuchagua hospitali ya karibu ambayo watu huisahau.

Kwa ultrasaundi ya tumboni, kunywa maji kama lita moja saa moja kabla na usikojoe. Ya njia ya uke ni kinyume: kibofu kiwe kitupu.

Shingo ya kizazi

Hapa kuchelewa na kuwahi vina bei tofauti kabisa. Uchunguzi wa siki, wa kutafuta dalili za awali za saratani ya shingo ya kizazi, hufanyika katika vituo vingi vya afya na hospitali za wilaya: shingo ya kizazi hupakwa siki ya asilimia 3 hadi 5, mtoa huduma husubiri dakika moja, kisha hutazama kama kuna mabaka meupe. Walengwa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na virusi vya ukimwi huanza mapema zaidi. Siku mbili kabla usiweke kitu ukeni: dawa ya kienyeji, kitunguu, sabuni wala kidonge. Tunajua nyakanga, mkufunzi wa unyago, hufundisha usafi wa ndani na dawa za kukaza. Anayekwenda kupimwa aachane nazo kwa siku hizo mbili, kwa sababu zinachubua na kuficha kinachotafutwa.

Baka likionekana lote, likiwa halijafunika zaidi ya robo tatu ya shingo na halijaingia ndani ya mlango, linagandishwa au kuchomwa kwa joto hapo hapo, siku hiyo hiyo. Hakuna rufaa inayohitajika, na anayekuandikia ya kwenda mbali wakati mashine ipo wilayani anakupotezea nafasi. Baada ya tiba maji maji hutoka hadi wiki nne, na kwa muda huo hakuna tendo la ndoa. Baka kubwa au lililoingia ndani linakwenda mkoani au kanda kukatwa kwa waya wa umeme.

Kinachotiliwa shaka kuwa saratani, yaani kidonda kinachotoka damu kikiguswa au nyama kama koliflawa, hakigandishwi. Hukatwa kinyama kwanza. Hapa linganisha njia mbili. Anayekwenda Ocean Road bila majibu ya kinyama atakatwa huko na kusubiri Dar, akilipia malazi kila usiku. Anayekatwa Ligula, Ndanda au Mitengo anasubiri nyumbani. Tunapendekeza ya pili, kwa sharti kwamba mtu mmoja kwa jina anafuatilia majibu. Uliza siku unayokatwa ni nani, na chukua simu yake. Wiki nne zikipita kimya, nenda mwenyewe. Kinyama kinapopotea maabara hakuna anayekupigia.

Fungasha kwa ajili ya Ocean Road: majibu ya kinyama, wingi wa damu, kipimo cha figo, ultrasaundi ya tumbo na nyonga, eksirei ya kifua, kipimo cha virusi vya ukimwi. Kipimo cha figo kina uzito wake, kwa sababu uvimbe unaweza kubana mirija ya mkojo na dawa inayoambatana na mionzi hupita kwenye figo. Damu iwe angalau 10, kwani mionzi hufanya kazi vibaya kwa aliyepungukiwa. Ugonjwa wa mapema hupasuliwa. Uliosogea hupewa mionzi ya nje kwa wiki tano hivi, dawa mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani, na yote yanapaswa kumalizika ndani ya wiki nane. Panga makazi ya miezi miwili Dar kabla ya kuondoka. Kuacha mionzi katikati ili kuwahi korosho shambani kunaupa ugonjwa nafasi ya kurudi, na kuanza upya hakurudishi kilichopotea.

Fistula

Kwa fistula jibu ni fupi: CCBRT, Dar. Matibabu ni bure, na kwa miaka mingi hospitali hiyo imekuwa ikituma nauli kwa simu kupitia mabalozi wa kijamii, kwa hiyo ukosefu wa nauli usimfungie mtu ndani. Muulize muuguzi wa kituo chako au afisa ustawi wa jamii awasiliane nao.

Ila kuna dirisha dogo ambalo halihitaji Dar. Mama aliyejifungua kwa uchungu wa muda mrefu, mkojo ukaanza kuvuja katika wiki za mwanzo, awekewe mpira wa mkojo siku hiyo hiyo kwenye kituo cha karibu, ukae wiki nne hadi sita, na anywe maji mengi, lita nne hivi kwa siku, hadi mkojo uwe mweupe. Tundu dogo linaweza kuziba lenyewe. Anayekunywa maji kidogo ili asivuje anaongeza harufu, michubuko na mawe. Baada ya upasuaji: miezi mitatu bila tendo la ndoa, na mimba inayofuata mama ajifungue kwa upasuaji, hospitali. Liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake.

Busha

Linaingia humu kwa sababu wanaume wa pwani hii hulificha hadi limefika magotini. Ni upasuaji wa wilaya au mkoa, wala Dar haina cha ziada. Kuwe na kipimo cha sukari na mkojo kabla, na ngozi isiwe na kidonda. Fuatilia matangazo ya kambi za upasuaji wa mabusha za mpango wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele.

Malipo

Kwa mwanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, fomu ya rufaa ndiyo mlango wa kanda na taifa pale ambapo si dharura. Bila hiyo unaweza kulipishwa kama mgonjwa wa kujitegemea. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii ambayo kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ilijengwa kwa ngazi kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa hiyo mwenye kadi hiyo ana sababu ya ziada ya kumaliza kila kinachowezekana Ligula au Sokoine. Hospitali za misheni ziulizwe mambo mawili kwa simu: kama kadi inapokelewa, na kama upasuaji uliotajwa umo. Kukubali kadi kwenye kliniki si kukubali kulipia upasuaji.

Asiye na uwezo aombe msamaha kabla ya huduma, kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Barua inayofuata baada ya bili inasumbua zaidi. Katika hospitali za serikali lipa kwa namba ya malipo unayopewa dirishani, kwa simu au benki, na tunza ujumbe wa malipo. Anayekuomba pesa mkononi korido hana kazi na rufaa yako.

Wengi huku hupanga matibabu baada ya mnada wa korosho au ufuta. Kwa fibroidi zisizotoa damu nyingi, au uchunguzi wa kutopata mtoto, hilo linawezekana. Tumia miezi ya kungoja kupandisha damu, kutibu kichocho na kuandika tarehe za hedhi. Kwa damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya hedhi kukoma, au uvimbe wa tumbo unaokua haraka, usingoje mnada. Nenda na karatasi uliyo nayo, na deni litajadiliwa na ustawi wa jamii.

Ukimaliza huko ulikotumwa, usiondoke bila karatasi ya mrejesho: kilichofanyika, kilichoonekana, dawa, tarehe ya kurudi, na nani aangalie nyuzi. Ipeleke kwa aliyekupa rufaa ndani ya wiki moja. Kukaguliwa kidonda, kuondolewa mpira na kuongezewa vidonge vyote vinaweza kufanyika Newala, Mkomaindo (Masasi) au Nachingwea, lakini daktari wa huko atakubali kugusa kazi ya mwenzake pale tu anapoona imeandikwa nini.